Ukungu wa Ukutani Nyanda za Juu Kusini: Tafuta Maji Kabla ya Kushika Brashi

Mtu anayeishi Tukuyu, Makete au Mufindi hana haja ya kuelezwa ukungu wa ukutani ni kitu gani. Ameuona nyuma ya kabati, kwenye pembe ya dari iliyo juu ya kitanda, na ndani ya viatu vya ngozi alivyoviweka mvunguni tangu sikukuu, na pua yake huutambua uvundo kabla jicho halijaona doa. Asichoelezwa mara nyingi ni kwamba maji yanayoulisha ukungu huo huingia katika nyumba zetu kwa njia tatu zilizo tofauti kabisa. Yapo yanayopenya kutoka juu, yapo yanayopanda kutoka ardhini, na yapo yanayozaliwa humo humo ndani kwa pumzi, mapishi na nguo mbichi. Dawa ya njia moja haifai kwa nyingine. Mtu anayepaka lami kwenye bati ilhali maji yanatoka katika sufuria yake ya maharage atakuwa amepoteza fedha zake, na mwaka ujao atakuwa palepale. Ndiyo maana katika mwongozo huu kusafisha ni hatua ya nne.

Kwa nini nyumba za huku

Mbegu za kuvu, yaani viumbe vinavyofanya ukungu, ni ndogo mno, zimo hewani kila mahali, na hakuna sabuni itakayozimaliza. Chakula chake nacho hakikosekani, kwa kuwa hula karatasi iliyobandikwa kwenye mbao za jipsamu, mbao za kawaida, gundi, nguo, ngozi, na vumbi lililotua juu ya rangi. Kitu pekee tunachoweza kuzinyima ni maji.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na ikigusa kitu baridi huuachia ukawa matone, kama inavyotokea kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Katika miezi ya kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzijoto 10, na kwenye miinuko ya Makete, Kitulo na Njombe umande huweza kugeuka barafu majanini alfajiri. Kuta hupoa, madirisha hufungwa, matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha huzibwa kwa matambara, kisha watu wanne hulala chumba kimoja na kutoa takriban lita moja ya maji kwa pumzi na jasho hadi kunapambazuka. Maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa ukutani. Kwa sababu hiyo ukungu huweza kuchachamaa mwezi Julai wakati mvua kubwa zilikwisha miezi miwili nyuma, na mwenye nyumba akabaki akitazama bati lake bila kuona tundu lolote.

Tofauti za mahali nazo zina maana. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata msimu mkuu ukiisha, pepo za kusini-mashariki huendelea kuleta manyunyu na mawingu yanayogusa ardhi, kama zinavyofanya kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Iringa mjini, kwa upande mwingine, ni pakavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukiona ukungu Kihesa au Gangilonga mwezi wa Oktoba, usilaumu hali ya hewa. Tafuta bomba linalovuja ndani ya ukuta au chumba kisichofunguliwa dirisha.

Kuna jambo jingine ambalo wajenzi wengi hulisahau. Sisi tupo kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Juni na Julai jua la mchana huelemea upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini huota jua kipindi chote cha baridi, ilhali ule wa kusini hukaa kivulini kwa wiki nyingi mfululizo. Ukiingia nyumba usiyoijua na ukaambiwa ina ukungu, anzia vyumba vya kusini.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni ukungu

Si kila doa ni ukungu. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, na matofali hayo yakiloa na kukauka hutoa unga mweupe juu ya lipu au rangi. Unga huo ni chumvi inayotolewa na maji yanapokauka. Chota kidogo uudondoshee maji: chumvi huyeyuka, ukungu hauyeyuki. Chumvi haimdhuru mtu, lakini ni shahidi mzuri kwamba maji yanapita ndani ya ukuta, kwa hiyo usiifagie tu ukaisahau.

Doa jeusi la karibu na jiko huweza kuwa masizi. Hapa dondosha tone moja la dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita jiki, kisha usubiri dakika mbili au tatu. Ukungu hupauka, masizi hubaki meusi vilevile. Ukungu wenyewe huwa mweusi, kijani, kijivu au mweupe wenye manyoya, na karibu kila mara huandamana na uvundo. Rangi yake haikuambii kama ni wa hatari au la, kwa hiyo usihangaike kuuchambua kwa rangi. Kila ukungu ndani ya nyumba unapaswa kuondoka.

Kuhusu afya, yatosha kusema kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, lilieleza kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu wako katika hatari kubwa zaidi ya kikohozi, matatizo ya kupumua na pumu. Mtoto mwenye pumu anayekohoa kila alfajiri katika chumba chenye uvundo ahamishiwe chumba kingine leo, kabla hujaanza kazi nyingine yoyote.

Hatua ya pili: tambua maji yanatoka wapi

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako, na inahitaji subira kuliko fedha. Anza kwa kutazama umbo na mahali pa doa. Doa la duara lenye kingo za kahawia kwenye dari, linalokua siku inayofuata mvua, ni maji ya paa. Unyevu unaoanza sakafuni na kupanda kama mstari mlalo kuzunguka chumba, kwa kawaida bila kuvuka mita moja, ukiwa na chumvi na rangi iliyovimba kwenye ukingo wake wa juu, unapanda kutoka ardhini. Vitone vyeusi vilivyotawanyika kwenye pembe za juu, nyuma ya kabati, nyuma ya pazia na kuzunguka fremu ya dirisha ni maji ya mvuke wa ndani.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio la nailoni. Futa sehemu ya ukuta hadi ikauke kwa juu, chukua kipande cha nailoni ngumu chenye ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, kisha ukiache kwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa nailoni unaotazama chumba, hewa ya chumba ndiyo yenye maji. Yakionekana upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Jaribio hili halina gharama, na limewahi kuniepusha na fundi aliyekuwa ameshapiga hesabu ya kuezua upande mzima wa paa.

Kwa nyumba za bati kuna mtego mmoja ambao huwachanganya hata mafundi wazoefu. Usiku wa kipupwe usio na mawingu, bati hupoteza joto upesi na kuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Mvuke uliopanda darini hugeuka maji chini ya bati, na alfajiri jua linapotoka matone hudondoka juu ya dari kana kwamba kuna tundu. Ukiona dari imelowa asubuhi ya Julai na hakuna mvua iliyonyesha, hilo ni jasho la bati. Kuongeza misumari na lami hakutalizuia.

Chunguza pia mabomba. Funga koki zote za nyumba usiku, soma mita ya maji, uisome tena alfajiri kabla mtu hajafungua koki. Namba zikiwa zimesogea, maji yanakwenda mahali usipopaona.

Hatua ya tatu: ziba chanzo

Maji ya paa ndiyo mepesi kuyashughulikia. Mtu mmoja amwage maji juu ya bati kwa ndoo au mpira, akianzia chini na kupanda kidogo kidogo kuelekea kwenye kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa, na mwingine awe darini na tochi. Wahusika wakuu huwa ni misumari iliyolegea au iliyopoteza mipira yake, kofia iliyonyanyuliwa na upepo, maungio ya mabonde ya paa mahali mteremko mmoja unapokutana na mwingine, na pale dohani inapotoboa bati. Badilisha msumari uliolegea kwa mnene zaidi wenye mpira mpya, kwa sababu kuupigilia tena uleule katika tundu lililokwisha kupanuka hakudumu.

Jasho la bati huponywa kwa hewa. Acha matundu kwenye kuta za pembetatu za paa au chini ya mapaa, uyawekee wavu ili popo wasiingie, na uzibe nyufa za dari ya jikoni na bafuni ambazo mvuke hupandia. Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Nyumba ya mianzi ya Mnyakyusa iliyoezekwa kwa nyasi ilikuwa na moto ndani, na moshi ulipita kwenye paa ukilikausha kila siku. Tulipohamia kwenye bati, simenti na madirisha ya vioo tuliacha moshi, jambo jema kwa macho na mapafu, lakini tukaacha pia upenyo uliokuwa ukitoa maji nje.

Maji yanayopanda kutoka ardhini ni kazi ngumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Tofali la kuchoma hunyonya maji, na lile lililokaa pembeni mwa tanuri likaiva nusu hunyonya kupita kiasi. Nyumba iliyojengwa vizuri huwa na karatasi ya nailoni juu ya msingi, ile ambayo mafundi huiita dipisii, inayozuia maji kupanda, na nailoni nyingine chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Nyumba nyingi hazina, au zinayo lakini imefunikwa. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria jambo kubwa, toka nje na koleo. Mara nyingi utakuta udongo wa bustani, kifusi au kibaraza kilichoinuliwa baadaye vimepanda juu ya usawa wa dipisii, na maji yanaingia ukutani kwa kuiruka. Chimba na uondoe udongo huo hadi ardhi ya nje iwe angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na uipe mteremko wa kuyapeleka maji mbali na nyumba.

Kisha tazama maji ya paa yanaangukia wapi. Nyumba isiyo na gata humwaga mvua yote ya msimu mguuni mwa ukuta, yakachimba mtaro na kurusha matope hadi usawa wa madirisha. Huko Tukuyu, ambako kila mita moja ya mraba ya paa hupokea zaidi ya lita 2,000 kwa mwaka, gata na tenki la maji si anasa. Utapunguza unyevu wa ukuta na kupata maji ya kufulia kwa pamoja. Asiye na uwezo wa gata achimbe mfereji unaofuata mstari wa matone, aujaze kokoto, na auelekeze mteremkoni.

Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, bandua lipu iliyooza kwa ndani hadi sentimita 30 au 50 juu ya mstari wa unyevu, na uuache ukuta upumue. Hukadiriwa kuwa ukuta wa matofali huhitaji mwezi mmoja kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene wake, kwa hiyo ukuta wa sentimita 15 unaweza kudai miezi sita. Hakuna mteja anayependa kusikia hivyo. Kazi ikianza Mei, mvua zinapokatika, ukuta unakuwa na kipupwe na kiangazi chote cha kukauka kabla ya Novemba. Ukipiga lipu mpya ya simenti juu ya tofali bichi utakuwa umeyafungia maji ndani, nayo yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Kwa nyumba ya zamani yenye tope badala ya simenti katikati ya matofali, lipu ya chokaa na mchanga huachia unyevu kuliko ya simenti tupu.

Mvuke wa ndani hauhitaji fundi. Unahitaji mazoea mapya, na hayo huenda yakawa magumu kuliko kuchimba mfereji. Kwenye mwinuko wa Mbeya, takriban mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, hivyo maharage huchukua muda mrefu kuiva na sufuria hutoa mvuke kwa saa nyingi zaidi kuliko ingekuwa Dar es Salaam. Loweka maharage usiku, funika sufuria, fungua dirisha la jikoni na ufunge mlango wa kuingilia sebuleni wakati wa kupika. Wenye majiko ya gesi wakumbuke kwamba gesi yenyewe ikiungua hutoa mvuke.

Nguo zilizokamuliwa kwa mkono zikianikwa ndani huachia lita mbili au zaidi za maji chumbani. Najua kwamba Februari ya Tukuyu haina kamba ya nje inayokauka. Basi anika chini ya paa la kibaraza, au teua chumba kimoja, fungua dirisha lake na ufunge mlango wake.

Zibua matundu ya hewa. Baridi inayopita huko ni kidogo kuliko inavyohofiwa, na blanketi moja zaidi linatosha kuifidia. Fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa robo saa kila siku, ila chagua saa. Kwa kuwa nyumba zetu hazina vipasha joto, kufungua saa moja asubuhi wakati mawingu yamekaa juu ya majani ya chai ni kukaribisha maji ndani. Ngoja hewa ipate joto, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Mvuke wa kupikia na kuogea, hata hivyo, utolewe palepale bila kungoja.

Sogeza kabati, kitanda na makochi sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje na wa kusini. Godoro lisilazwe sakafuni bila chaga, kwa sababu joto la mwili husukuma jasho chini, nalo hukutana na simenti baridi.

Na hapa ni lazima niseme jambo ambalo halihusu ukungu moja kwa moja. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta au kupasha joto, hata kama limeshakuwa jekundu na halitoi moshi. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Chumba kilichozibwa vizuri dhidi ya baridi ndicho chenye hatari kubwa zaidi.

Hatua ya nne: safisha

Eneo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo, au likiwa limetokana na maji ya choo, tafuta watu wenye vifaa. Mwenye pumu, mjamzito na watoto wakae mbali hadi kazi iishe.

Vaa glovu za mpira, miwani ya kukinga macho na barakoa inayobana uso vizuri; kitambaa cha kufunga puani hakizuii mbegu za kuvu. Fungua dirisha na ufunge mlango unaoelekea vyumba vingine. Kosa la kwanza la wengi ni kufagia ukungu mkavu kwa ufagio, na kwa kufanya hivyo huzitawanya mbegu nyumba nzima. Uloweshe kwanza kwa maji ya sabuni, usugue kwa brashi, ufute kwa kitambaa unachokisuuza mara kwa mara, kisha ukaushe kabisa kwa kitambaa kikavu na hewa.

Kwa vigae, vioo, chuma na rangi ya mafuta, sabuni na kusugua vinatosha mara nyingi. Ukitaka kutumia jiki, changanya kikombe kimoja cha robo lita katika lita nne za maji, upake baada ya kuosha na si kabla, uache dakika kumi, halafu usuuze. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya kusafishia choo yenye asidi, au kitu chenye amonia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Hata kutumia kimoja baada ya kingine katika bafu dogo bila kusuuza ni hatari. Kwenye mbao na lipu tupu jiki haina faida kubwa, maana klorini hubaki juu na maji yake huzama ndani kuunywesha ukungu uliobaki. Huko tumia siki nyeupe isiyochanganywa na maji, uiache saa moja, ufute na ukaushe.

Ubao wa jipsamu wa dari uliolowa ukaota ukungu hausafishiki. Ukate hadi sentimita 30 nje ya doa na uutupe. Vivyo hivyo zulia na sponji ya godoro iliyoota ukungu hadi ndani. Kitu chochote kilichoshikwa na maji ya mvua kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi hakioti ukungu kabisa, kwa hiyo usiku ule ule dari inapovuja, toa godoro na zulia, usingoje kesho kutwa.

Nguo, viatu, mbao na magunia

Nguo zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani, upande wa ndani ukitazama nje. Viatu na mikoba ya ngozi ipanguswe nje ya nyumba kwa kitambaa chenye maji na siki kwa kiasi sawa, ikauke kivulini, kisha ipakwe kiwi. Ikirudishwa ndani isifungiwe kwenye mfuko wa nailoni. Wapo wanaoweka kopo la mkaa kabatini. Mkaa hupunguza harufu kidogo, lakini haukaushi chumba, na uvundo ukipotea utasahau kutafuta maji.

Anayejenga au kutengeneza kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, ajihadhari na mbao za paini zilizotoka kupasuliwa. Eneo letu, kuanzia Sao Hill hadi Njombe, lina mbao nyingi za bei nafuu, lakini mbao mbichi huota ukungu na madoa ya bluu ndani ya siku chache zikirundikwa pamoja. Zipange kwa kuweka vijiti kati ya tabaka, chini ya paa, mahali penye upepo, na usizifunike kwa dari hadi zikauke.

Magunia ya mahindi yanayolala chumbani, kama ilivyo kawaida kwa kaya nyingi za Mbozi na Mufindi, yapandishwe juu ya chaga na yaachane na ukuta. Mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Punje zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, iliyosababisha vifo Dodoma na Manyara mwaka 2016, na sumu hiyo haiishi kwa kupika ugali. Zitupwe mahali ambapo hata kuku hawatazifikia.

Hatua ya tano: rangi

Katika nyumba niliyowahi kupanga Uyole, Mbeya, nilipaka rangi juu ya ukungu uliofutwa harakaharaka, tena rangi ya mafuta, kwa kuwa muuzaji aliniambia hiyo ndiyo isiyoshika maji. Chumba kilipendeza kuanzia Novemba hadi Machi. Aprili rangi ikaanza kuvimba kama malengelenge, na nilipoitoboa kwa msumari yakatoka maji yenye harufu. Rangi ya mafuta inafaa pale maji yanapotoka chumbani, kama jikoni na bafuni. Pale yanapotoka ukutani huyafungia, na ile desturi ya kupaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta ili isichafuke huwa inaongoza unyevu kupanda hadi nusu ya juu. Ukuta uliokwisha kukauka upake rangi ya maji, na ya dawa ya kuvu kama unaimudu. Chokaa nayo isidharauliwe, kwa kuwa ni kali kwa kuvu na inaruhusu ukuta kupumua. Udhaifu wake ni kuchafua nguo tu.

Kama wewe ni mpangaji

Gawanyo la haki ni rahisi kulieleza: paa, msingi, mabomba na gata ni vya mwenye nyumba, madirisha, nguo na kabati ni vyako. Kabla ya kumwendea, fanya jaribio la nailoni na upige picha zenye tarehe, ili mazungumzo yawe juu ya matone yaliyoonekana, yasiwe juu ya nani mchafu. Mwombe kwa maandishi, na mkikubaliana utengeneze kwa fedha yako akukate kwenye kodi, hilo nalo liandikwe. Kabla ya kuhamia nyumba mpya, ikague asubuhi, vuta kabati kama lipo, na unuse ndani ya makabati ya ukutani. Rangi mbichi katika chumba kimoja tu cha kusini iwe sababu ya kuuliza maswali.

Ukaguzi wa Oktoba

Katika kanda yetu mvua huanza Novemba, hivyo wiki za mwisho za Oktoba ndizo za kupanda darini. Zoa majani kwenye gata, gusa kila msumari wa kofia, zibua mfereji wa kokoto, na usogeze udongo uliorudi ukutani. Penye doa la zamani, chora mstari wa penseli kulizunguka na uandike tarehe pembeni. Januari rudi ukaangalie. Doa lililobaki ndani ya mstari limekauka na linaweza kupakwa rangi. Lililouvuka lirudishe hatua ya pili, na safari hii bandika nailoni mahali pawili.